Issa Alikaa Kwenye Mkeka Wako

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila haya nikiyanyamazia nitapasuka.

Issa alikuja. Issa yule yule, mdogo wake Mashaka. Alikaa kwenye mkeka wako, akakunja miguu, akaniambia, "Habari za hapa, dada." Dada! Nilitamani kumng'oa ulimi kwa mkono wangu.

Ngoja nikueleze vizuri. Tangu uondoke wanawake hawajaacha kuja. Wanatoka hapa Kasingirima, wanatoka Mwandiga, mwingine kaja kutoka Ilagala na kapu la samaki, migebuka. Wanalia kwanza, ndipo wanasema hawashiki mimba. Nafanya ulivyonifundisha. Namuuliza kama ameshapimwa hospitali, na kama bado, namrudisha huko kwanza. Akitoka huko namwambia arudi na mume. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanaume wetu wanataka mke anyweshwe mizizi mpaka utumbo uungue, wao wako barazani wanacheza bao. Wewe hukutaka upuuzi huo. "Mtoto hatafutwi na mtu mmoja," ulikuwa unawaambia. Kikombe ni kimoja: mganga anaonja, mume anakunywa, mke anamalizia. Asiyetaka, mlango ule pale.

Sharti hilo ndilo lililokuua, Mama. Mashaka aliletwa na mkewe, akakataa kunywa, na habari zikafika mwaloni. Wavuvi wenzake wakamcheka, wakamuuliza kama nyavu zake zimetoboka. Basi akaona aibu yake ni wewe. Badala ya kwenda kuwapiga wao, akabeba kasia akaja kwako baada ya alasiri, wewe unaanika mizizi chumbani.

Nilikuwa natoka bombani. Nikasikia kitu kama mtu anapasua kuni, na ndani kwetu hakukuwa na kuni. Mlangoni Issa kasimama na panga, anawazuia majirani. "Asisogee mtu! Huyu mchawi kamdhalilisha kaka yangu!" Nilimrukia. Alinipiga shingoni kwa ubapa wa panga, nikaanguka na ndoo yangu. Uliita jina langu mara moja. Sikukufikia. Mpaka leo nikioga nasikia unaita. Nilipoingia, Mama... kichwa chako nilikifunga kwa khanga ili kisiachane. Wenyewe walishaondoka, wanatembea tu, hata mbio hawakukimbia.

Mashaka alivuka ziwa akapotelea Kongo. Issa alikamatwa, lakini wavuvi wawili wakaapa kuwa siku ile alikuwa nao majini. Na majirani zetu, hawa hawa uliowazalisha, wote ghafla wakawa hawakuona. Nikabaki na neno langu peke yangu. Akaachiwa.

Sasa, huyu Sofia alikuja peke yake kwanza. Binti wa Mwandiga, mpole, ameolewa na mvuvi, miaka inapita hana mtoto, mama mkwe anamsema kila anapoinjika sufuria. Sikujua ni mke wa nani. Nikamwambia sharti, alete mume. Kamng'ang'ania mumewe mpaka kamleta, na mume mwenyewe ndiye huyo. Hakuwa ameambiwa ni kwa nani; alipoiona nyumba, na mimi uani, alisimama kama kakanyaga msumari. Sofia akamsukuma mgongoni: "Ingia basi, usinitie aibu." Akaingia, akakaa. Alidhani nitamsitiri mbele ya mkewe.

Nikamsitiri kweli. Nikaenda jikoni.

Unaukumbuka ule mzizi uliosema unakwanguliwa kiasi cha ukucha, ukizidi moyo unasimama. Mama, niliukatakata wote. Niliuchemsha mpaka maji yakawa meusi. Nilikuwa na furaha, sikufichi, furaha ya kweli kweli, nilikuwa namuona anavyotapatapa na povu mdomoni, anakwangua sakafu kwa kucha pale pale ulipolala wewe.

Nikaleta kikombe, nikakaa. Wote wawili wakanitazama, wanasubiri nionje. Nikasema moyoni, potelea mbali, tufe wote. Nikakifikisha mdomoni. Ndipo nikamsikia Sofia pembeni anasema "Bismillahi" taratibu, anajiandaa, maana baada ya mumewe ni zamu yake. Yule kanikosea nini? Kaja na khanga mpya, Mama. Kajipamba kuja kutafuta mtoto.

Nilikibamiza kikombe ukutani.

"Issa," nikamwambia, "mwambie mkeo ulikuwa umesimama wapi siku mama yangu anauawa."

"Twende zetu, huyu kichaa," akamwambia mkewe.

Sofia hakuinuka. Akaniuliza siku ile ilikuwa lini. Nikamwambia, ile Alhamisi ya upepo mkali. Akamgeukia mumewe. "Siku ile hukwenda ziwani. Ulirudi na shati lina damu, ukasema mmechinja ng'ombe. Shati nililifua mimi. Na ulipokamatwa ukaniambia ni kesi ya nyavu haramu."

Mawe wee! Issa alimrukia mkewe kama mbwa. Alimpindua mkono nyuma, nikausikia mfupa ukilia. Nikachomoa mchi kwenye kinu. Nilimpiga goti, akaanguka. Nikampiga bega. Nikampiga tena, na wallahi nilikuwa naona raha, nikauinua mchi juu ya kichwa, pale pale walipokupiga wewe. Sofia kalala chini, mkono unaning'inia, anapiga kelele: "Muache, dada! Muache na mdomo wake, tunautaka!"

Nikauangusha mchi. Sijui niliwezaje. Majirani safari hii walikuja, wakamfunga kwa kamba ya mbuzi. Nikawatukana matusi yote ninayoyajua, na mengine ya Kiha uliyonikataza.

Sofia ametoa maelezo polisi. Majirani wawili nao wamekwenda, wamepata macho. Issa yuko ndani, na ameanza kumtaja kaka yake na kijiji alikojificha huko ng'ambo. Wamezaliwa tumbo moja, na anamuuza asubuhi na mchana. Sofia analala chumbani kwako, mkono umefungwa hogo la plasta. Namlisha ugali na dagaa kwa mkono wangu, anakula huku analia, nami namgombeza ale. Juzi kaniuliza kama dawa yake bado ipo. Nikamwambia ipo, apone kwanza, aachike kwanza, mume bora atakuja kukaa naye mkekani kwa hiari yake.

Basi lala, Mama, mimi nina kazi. Nakuahidi kesi ikiitwa tutakwenda pamoja, mimi na yeye, na tutasema yote, hata wakitutisha. Nakuahidi na hili lingine, usilicheke. Nilitaka Issa afe mbele yangu. Siku hizi kila nikiswali namuombea umri mrefu. Asiugue hata mafua. Aishi, Mama, aishi sana, ang'oke meno yote akiwa mle mle ndani.

Mwanao,
Zuhura