Uzito Mmoja, Sukari Mbili

Kwako Akuorkor, pacha wangu,

Mama hajambo, anauza kenkey zake, yale madonge ya unga wa mahindi, kama kawaida, na lile jino halimsumbui tena. Asiye na amani ni mimi.

Kazi ya maabara nimeacha. Nilikuwa nachunguza sukari za utomvu wa mkorosho. Mashine ya kupima uzito wa molekuli ilionyesha sukari moja tu. Nilipozipitisha kwanza kwenye bomba jembamba linalozichelewesha, zikatoka mbili: moja ikatangulia, nyingine ikafuata. Dokta Lartey, mkuu wetu wa maabara, akafoka, "We binti, uzito ni uleule, sukari ni ileile. Futa hiyo ya pili!"

"Dokta, mimi ni pacha. Usinifundishe habari za kufanana."

Nikakataa kutia sahihi ripoti ya sukari moja, nikaondoka.

Jumatatu nikaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha vinywaji, Tema. Dada wa mapokezi akasoma jina langu, akacheka. "Sista Akwele, unaomba kazi uliyo nayo? Si nimekuona sasa hivi unapanda juu na koti lako la maabara?"

Kumbe cheti changu nilichokitafuta mwaka mzima unacho wewe! Nawe ulituambia unauza vitambaa!

Sikukufichua. Nilimwachia bosi wako chupa ya utomvu na bahasha iliyofungwa yenye jibu, nikamwomba ampime kwayo mtaalamu wake wa maabara. Ijumaa atakuuliza humo mna sukari aina ngapi. Mashine itakupa uzito tu, mdogo wangu. Kuzitenganisha ni kazi ya mwenye cheti.

Ni mimi niliyetangulia kutoka,
Akwele mwenyewe