Kupigwa kwa Seremala kwa Sababu ya Madoa ya Kamera

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamume, miaka 76, mgane, mwalimu mstaafu wa fizikia.
Makazi: chumba cha nyuma, nyumbani kwa mume wa binti yake.

Naomba radhi, Afande, kwa kukuletea aibu ya nyumbani.

Mkwe wangu hupiga picha za nyota kwa darubini iliyo juu ya paa. Kwa miezi kadhaa picha zake zilitoka na madoa meupe yasiyo nyota. Alishikilia kwamba chanzo ni taa ya uani kwa jirani yetu, seremala, hata wakaacha kusalimiana. Seremala naye akambandika jina la Bwana Nyota.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi mchana, mkwe wangu akiwa kazini, niliiziba kamera kwa kifuniko chake, nikaifungia kabatini, nikapiga picha ya giza tupu. Madoa yalikuwapo yote, palepale yanapokaa katika picha za anga. Kwa hiyo yalitoka ndani ya kihisi cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, kwa joto na uchakavu, wala si kwa taa ya mtu. Dawa yake si ngumu: kompyuta huitoa picha ya giza katika picha ya nyota, na madoa huondoka nayo.

Niliona ni uungwana kumwomba seremala radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Nilimweleza hayo tukiwa kwenye ukuta unaotenganisha nyua zetu, akanishukuru kwa adabu. Mkwe wangu nilikusudia kumwambia baada ya chakula, atakapokuwa ametulia.

Alirudi saa kumi na moja jioni, akapanda moja kwa moja juu ya paa, akaanza kumtukana seremala kuhusu taa. Seremala alikuwa akipiga randa, wala hakuinua kichwa. Alisema, "Bwana Nyota, kamera yako ina surua. Mzee wako kaipima mwenyewe. Mpeleke mgonjwa hospitali, taa yangu iache." Mafundi wake walicheka.

Mkwe wangu alishuka akiwa na mguu wa chuma wa darubini. Aliponipita langoni alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, umenivua nguo." Siku zote huniita Baba. Nilimfuata. Aliingia uani kwa seremala, akampiga begani, kisha kichwani. Seremala hakuwa na kitu mkononi. Randa alikuwa ameiweka juu ya ubao.

Leo asubuhi binti yangu, akinipigia pasi shati hili, aliniomba niseme kwamba seremala ndiye aliyetangulia kuinua randa. "Ni neno moja tu, Baba. Ukilikataa, usirudi kwangu." Simlaumu, anamlilia mumewe. Lakini seremala hakuinua randa.

Nimesema niliyoyaona, wala sina la kupunguza. Mkwe wangu, tafadhali, apewe blanketi huko ndani; kifua chake hakivumilii baridi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Ofisa: Maelezo yamesomwa mbele ya shahidi, akayakubali. Alipoulizwa wito wa mahakama upelekwe wapi, aliomba uachwe hapa kituoni, ataufuata mwenyewe.