Punje Isiyoota

Mutsamudu, Jumamosi, mwisho wa Shaabani. Mvua imekatika tangu alasiri, mawe ya vichochoro yanang'aa, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu jana, napumua bila kujisikiliza.

Nianze na neno, maana hofu yote ilitoka ndani yake. Polima ni dutu ambayo molekuli yake ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vinavyojirudia. Pamba ni polima. Mpira ni polima. Na ndivyo kilivyo kiunzi kilichomo ndani ya kidonge cha pumu cha mjomba wangu. Kiunzi hicho hakiyeyuki. Maji ya tumbo hupenya vitundu vyake, huyeyusha dawa iliyojificha humo, na kuitoa kidogo kidogo kwa muda wa nusu siku. Kisha kiunzi chenyewe, kitupu, hutoka mwilini kwa njia ya kila kisichohitajika.

Hilo la mwisho sikumweleza. Mjomba ni fundi, mwalimu wa Kurani. Niliona si jambo la kutajwa mbele yake.

Pumu ilikuwa imekwisha kumnyima mengi. Ilimnyima mlima wa Patsy, alikokuwa akisomesha watoto, na mwaka jana ikamnyima Ramadhani, kwa kuwa dawa yake ya zamani haikuweza kuvuka mchana bila kurudiwa. Nilimwona akila adhuhuri, ameupa mlango mgongo, na sikusahau. Ndiyo sababu nilimpelekea kutoka Moroni, kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, hiki kidonge cha taratibu: kimoja daku, kimoja wakati wa futari. Nilitaka afunge, na abaki hai.

Jana asubuhi mkaza mjomba alinipigia simu kutoka posta.

"Mwanangu, dawa yako haifunguki tumboni mwake! Inatoka kama ilivyoingia. Lakini usihofu, nimeshatoa kinu. Nitaitwanga, nimpe na asali."

Simu ikakatika. Siku hizi simu zetu hukatika sana, na hakuna anayeuliza zinakatwa na nani.

Ukikitwanga kidonge hicho, umekivunja kiunzi. Na kiunzi kikivunjika, dawa ya nusu siku nzima huingia damuni kwa pamoja. Moyo hupiga mbio, mtu hutapika, na aliye mzee huweza kupata kifafa na asiamke. Huruma ya mke mwema na vijiko viwili vya asali vingetosha. Nilijaribu simu hadi posta ikafungwa.

Leo, kwenye uwanja wa ndege, mmoja wa wale wazungu wenye sare nyeusi wanaomlinda rais, na ambao sote twajua kwamba hawamlindi rais peke yake, aliumwaga mkoba wangu mezani. Akaitikisa chupa ya vidonge sikioni. Kwa kawaida mbele ya mamluki mimi hutazama chini. Leo nilimwambia asikivunje hata kimoja. Alinitazama, akacheka, akanirudishia. Nadhani nilikuwa nimefika mahali pa kumwambia hivyo yeyote.

Nilipoingia nyumbani kwa mjomba, kinu kilikuwa ukumbini. Kikavu.

"Muulize mjomba wako!" mkaza mjomba alinipokea, hata salamu hatujamaliza. "Muulize ameweka nini kwenye gilasi yangu ya wageni!"

Ndani ya gilasi mlikuwa na vidonge viwili vilivyomtoka, vimeoshwa na kukaushwa. Mjomba alikuwa amekataa chochote kitwangwe kabla suala halijaamuliwa. Na suala lenyewe lilikuwa la fikihi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, punje ikitoka tumboni mwa mnyama ingali ngumu, kiasi kwamba ikipandwa itaota, basi haijageuka kinyesi. Huoshwa ikawa safi. Ikiwa haioti, imekwisha kuwa kitu kingine. Mjomba alitaka kujua: hiki kilichotoka ni dawa bado, au la?

"Sasa kidonge nikakipande wapi?" aliniuliza, uso mkavu, macho yakimsaliti. "Mkaza mjombako ashataja shimo la taka."

Niliomba bakuli la maji na wembe. Kidonge kipya kilizama. Cha kwake kilielea. Nikavikata vyote viwili. Kipya kilikuwa kigumu na cheupe hadi kati, kama chaki. Cha kwake kilikuwa matundu matupu, kama sponji.

Mjomba alikigeuzageuza kwa muda mrefu.

"Haioti," akasema. "Basi dawa imebaki kwangu."

"Na gilasi yangu? Niioshe mara saba?"

"Saba ni za mbwa, mke wangu. Mimi ni mumeo."

"Basi nane."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kinu kimerudishwa jikoni.

Lakini nikiwa nakunja mkoba, mjomba aliuliza jambo jingine, kwa sauti ya mtu anayefuatilia hoja hadi mwisho wake. Waliokitengeneza kidonge hiki, walikipima kwa tumbo lililofunga? Nilisoma tena karatasi ya dawa. Inasema kimezwe baada ya chakula, asubuhi na jioni. Haisemi chochote juu ya mtu anayeshiba usiku na kukaa mtupu mchana kutwa. Nami najua kwamba chakula kingi huweza kubadili mwendo wa utoaji.

Nimemwomba aniahidi kwamba kifua kikibana atafungua, kwa kuwa ruhusa nayo ni sheria. Ameahidi upesi mno. Kwa hiyo sirudi Moroni kwanza. Siku za mwanzo za mwezi nitakuwa hapa, sikio langu kifuani pake, kila alasiri.

Kiunzi kilichopimwa kwa tumbo linalokula mchana, je, kitatimiza ahadi yake ndani ya tumbo linalongoja magharibi?