Chupa Niliyomnyima Baba Mkwe

Mjukuu wangu Veronika,

Marahaba. Huku Mollo tu wazima, na bibi yako anapepeta ulezi huku akinigombeza. Umeuliza kwa nini umalize antibiotiki za maambukizi ya mkojo wakati maumivu yamekwisha.

Bibi yako alipokuwa na mimba ya mama yako, mwezi wa saba, alishikwa na homa na tumbo likaanza kukaza. Mkunga akanituma nipeleke mkojo wake ukapimwe hospitalini Sumbawanga. Nikabeba chupa, nikapanda baiskeli.

Njiani nikakutana na baba mkwe.

"Asali hiyo, mkwe?"

Ningemwambiaje kwamba ni mkojo wa binti yake? Nikajibu, "Ndiyo, baba."

"Basi nionjeshe."

Nilikanyaga pedali kama mwizi, nikamwacha kanyoosha mkono. Akakitangazia kijiji kizima kwamba mkwe wake ni mchoyo.

Hospitalini waliona maambukizi, wakatoa dawa. Siku ya tatu homa ikaisha, bibi yako akataka kuacha. Mkunga akamwambia, "Homa imeisha, vijidudu bado. Vikizidi, mtoto anaweza kutoka sasa hivi, naye ni mdogo mno."

Bibi yako, ambaye hajawahi kumtii mtu, alimeza vidonge vyote. Nawe maliza dozi kama ulivyoandikiwa.

Mama yako alizaliwa mwezi wa tisa, mnene, analia hadi majirani wakaja kuuliza nani kapigwa. Nilipompakata niliketi sakafuni mbele ya wakwe wote, nikilia kumshinda yeye.

Babu yako