Mirihi na Zohali Nyumba ya Saba

Houston, 14 Oktoba 2018

Mdogo wangu Kiplagat,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kwa kazi za usiku, na sasa umeniongezea maumivu ya kichwa. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki.

Whitney amenipigia jana kutoka Fort Worth akilia. Nilidhani amefiwa. Kumbe umemwambia msioane mpaka mwisho wa 2020 kwa sababu eti sayari mbili zilikutana siku uliyozaliwa! Msichana wa watu amekungoja miaka mitatu. Wazazi wake kule Bomet wameshapaka nyumba rangi wakingoja tuje na posa. "Celestine, mimi siwezi ku-wait tena," ameniambia. "Nime-apply kazi Minneapolis na wamenichukua. Naanza January."

Wewe uliyeimba kwaya ya parokia, nyota zimekuingia lini? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia hapa si lako.

Nijibu.

Dada yako mkubwa,
Celestine


Plano, 29 Oktoba 2018

Dada Celestine,

Salamu nyingi. Kifua kimepona, namshukuru Mungu. Pole kwa miguu. Ukilala iweke juu ya mto.

Usinicheke kwanza. Kuna mzee wa Kihindi anaishi Sugar Land, mnajimu. Nusu ya ofisi yetu humpigia simu. Mwaka jana aliniambia nitapandishwa cheo kabla ya Pasaka, na nikapandishwa. Anasema mbingu ina nyumba kumi na mbili. Ya saba ni ya ndoa na kila ubia, ya kumi ni ya kazi. Kwangu mimi Mirihi na Zohali zimekutana katika ya saba. Moja inasukuma, nyingine inashika breki, na nikioa kabla Zohali haijalegea mwaka 2020, tutaachana.

Saa ya kuzaliwa haina ubishi. Naitwa Kiplagat, maana yake nilizaliwa jua likitua. Kila Mkalenjin anajua hilo.

Unakumbuka baba alivyobeba sanduku lake akatuacha, na mama alivyokaa jikoni wiki nzima. Naogopa, Celestine. Sitaki Whitney akae hivyo kwa ajili yangu.

Mama asijue haya.

Mdogo wako,
Kiplagat


Houston, 9 Desemba 2018

Kiplagat,

Hujambo? Mimi sijambo, miguu ni ileile.

Juzi nilienda Sugar Land kumfokea huyo mzee wako. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu natoka kwangu Gulfton. Akanifungulia mlango akiwa na soksi tu miguuni, akanipa chai ya tangawizi, akanisikiliza mpaka maneno yakaniisha. Inakera sana mtu uliyekuja kumgombeza akiwa na adabu! Halafu akaniambia kwa upole kwamba saa ndiyo kila kitu. Saa ikikosewa, sayari zinaangukia nyumba nyingine, na yote aliyosema hayana maana.

Sasa nisikilize. Nani alikwambia ulizaliwa jioni? Jina hilo ulirithi kwa baba yetu mdogo, aliyefariki mwaka uleule. Wewe ulizaliwa saa sita mchana. Nilikuwa na miaka minane, nikatumwa maji, jua liko utosini, mchanga unanichoma nyayo. Usimsumbue mama kwa maswali, siku hizi kumbukumbu zake si nzuri.

Mpe mzee saa sita. Whitney ameshaanza kufunga vyombo kwenye maboksi, na mimi nimechoka na nyinyi wawili.

Dada yako,
Celestine


Plano, 20 Desemba 2018

Dada,

Natumaini u mzima. Nimempa ile saa. Mirihi na Zohali zimehamia nyumba ya kumi: kazi itanitoa jasho, lakini nyumba ya ndoa haina neno. Kesho asubuhi naenda Fort Worth. Niombee.

Kiplagat


Houston, 4 Agosti 2019

Mdogo wangu,

Hujambo, na Whitney hajambo? Mama amefika salama. Amelala siku mbili, sasa ameamka na anazungumza na kila mtu kwenye hizi nyumba za kupanga, mpaka Esperance, jirani yangu Mkongo.

Nasikia umemwalika yule mnajimu harusini. Kwa nini? Harusi ni ya kanisani! Kama ni lazima aje, mweke meza ya mwisho, mbali kabisa na mama. Mama anapenda kusimulia mlivyozaliwa, na siku hizi anachanganya mchana na usiku. Fanya hivyo bila kuniuliza sababu.

Dada yako,
Celestine


Plano, 7 Agosti 2019

Dada Celestine,

Sisi wazima. Acha kuhangaika.

Nilimpigia mama siku ileile nilipopata barua yako ya Desemba. Kumbukumbu zake ni nzuri kuliko zetu. Anasema nilizaliwa jioni, ng'ombe wakiingia zizini, na wewe hukuwepo hata nyumbani, ulikuwa kwa shangazi Apolonia likizo nzima. Maji ulimchotea nani? Na huyo baba mdogo aliyefariki, mama ameuliza alizikwa wapi.

Nilikuwa na hasira na wewe jioni nzima. Halafu nikakaa nikaandika "saa sita mchana", nikamtumia mzee. Nilijua ni uongo. Nilikuwa nimechoka kuogopa, na nilitaka mtu mmoja aniambie ndiyo. Aliponiambia, nilijua tayari sihitaji neno lake, na kesho yake asubuhi nikawasha gari.

Whitney nilimweleza yote kabla ya kumposa. Alinifukuza, akaniita kutoka dirishani nikiwa nimefika kwenye gari. Mpaka leo akikumbuka anakasirika upya, lakini Minneapolis hakwenda. Mzee naye nilimwambia mwezi wa tano. Aliuliza tu kama anaweza kuja harusini na mkewe.

Nimewaweka meza moja na mama.

Mdogo wako,
Kiplagat


Houston, 10 Agosti 2019

Kiplagat,

Kukujulia hali leo sitaki. Miezi minane nimeungama uongo huo kwa padri, mpaka nikimkaribia anaanza kutabasamu, na wewe ulijua! Na Whitney alijua! Na mama, anayelala kitandani kwangu, alijua na akakaa kimya!

Nimelia jikoni, kisha nikacheka peke yangu. Mjinga wewe. Nakupenda.

Mchele ninunue wa watu wangapi? Na hao wazee wa Sugar Land, nyama wanakula?

Dada yako,
Celestine