Ndimu ya Roketi

Alamelu shoga yangu, usicheke. Leo nusura nimfukuzishe kazi mjukuu wangu Yazhini!

Si kazini kwake walitualika sisi jamaa za wafanyakazi tukaione roketi mpya wanayoiunda, ya kupeleka watu angani? Sasa kwa mila yetu, tangu lini chombo kipya kikaondoka bila gurudumu kukanyaga ndimu ya kuondoa husuda? Nikaitoa yangu kwenye sari, nikatafuta gurudumu. Shoga, haina hata moja! Nikaivingirisha tu ndimu chini yake.

Mlinzi akapiga filimbi. Yazhini akashika kichwa: "Bibi, umenimaliza!"

Akaja mkubwa wao, akaiokota ile ndimu. Mimi natazama vidole vya miguu.

"Mama," akasema, "roketi tumeikagua mara mia. Breki mbovu ni za gari langu. Twende ukaiweke kule."