Uso Wako Kwenye Televisheni ya Darasani

Baba Idi, mume wangu,

Amani ikufikie huko uliko. Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia, maana niliona ni kujiumiza bure. Leo nimeshindwa kunyamaza. Hapa mtaani Buyenzi wamejaa watu wa kunisikiliza, lakini jambo hili ni letu sisi wawili, na mwenzangu ni wewe.

Zuwena wetu amekua. Anasoma sekondari kwenye lise moja upande wa Kigobe, na shule ilitualika wazazi tukaone darasa lao jipya. Walimu wa hesabu wamekataa kwenda mikoani kwa sababu ya mashambulizi ya njiani. Basi mwalimu wao, madamu, anafundisha akiwa hapa Bujumbura, na wanafunzi wa Gitega wanamwona kwenye televisheni, naye anawaona wao. Zuwena aliponieleza nilidhani ananitania. Ungekuwepo wewe, fundi, ungekwenda mapema ili uchungulie nyuma ya zile mashine.

Tuliingia kwenye chumba chenye mapazia mazito. Mbele palikuwa na televisheni kubwa, na kamera imesimama kwa miguu mitatu. Juu ya paa waliweka sahani kubwa ya chuma ya kupokelea mawasiliano, na uani jenereta ilikuwa inanguruma maana umeme ulikuwa umekatika kama kawaida. Madamu alitueleza kwamba sauti huchelewa: mdomo unatangulia, maneno yanafuata, kwa hiyo ukiuliza lazima usubiri. Kisha akawasha, na wale watoto wa Gitega wakatokea wamekaa kwenye madawati yao, wakatusalimia. Wazazi tulijibu kwa sauti kubwa kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto.

Madamu akaita mwanafunzi mmoja wa kule Gitega aende ubaoni. Emmanuel, alimwita. Kijana akainuka, akachukua chaki, akageuka kutazama kamera.

Baba Idi, nilikuona wewe.

Sisemi alifanana nawe. Nasema ni wewe yule wa siku uliyokuja kwetu kuposa, na macho yale yale yanayoinama kwenye pembe, na kichwa umekilaza upande mmoja kama unayesikiliza injini. Sikumbuki kuinuka, nakumbuka tu kwamba nilijikuta mbele ya televisheni, kiganja changu kwenye kioo, na Zuwena ananivuta nguo kwa aibu. Madamu aliniomba nirudi kukaa. Nikamwambia yule ni mtoto wangu. Wazazi walianza kunong'onezana. Wengi wao wamepoteza mtu, wanajua akili inavyoweza kumchezea mtu.

Wewe na mimi tulimsomea Idi hitima. Siku zile vita vilipoanza alikuwa kwa mama yako kule kijijini, ana miaka mitano, na tulipofanikiwa kufika tulikuta nyumba ni majivu. Baada ya matanga uliniambia, "Mama Idi, tumwachie Mungu," nami nikamwachia, ingawa jina lake niliendelea kuitwa kila siku sokoni.

Sijui madamu aliona nini usoni mwangu. Alinipa mikro ya kusemea, akanionyesha pa kubonyeza. Kijana hakuelewa Kiswahili changu, nikarudia kwa Kirundi. Nilimuuliza aliyemzaa ni nani.

Mdomo wake ulicheza, nikasubiri. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyoisubiri sauti ile.

"Sijui, mama," alisema. "Aliyenilea aliniokota njiani. Emmanuel ni jina la ubatizo. Zamani nilikuwa naitwa Idi."

Hapo jenereta ikazima, picha ikapotea. Nilianguka, Zuwena akanidaka.

Wiki zilizofuata sitakuchosha nazo. Nilipata nafasi kwenye msafara wa magari yanayosindikizwa na askari, nikapanda hadi Gitega. Idi alikuja kunilaki na mama aliyemlea, anaitwa Konsolata, mkulima, mjane kama mimi. Muda wote alimshika Idi mkono wa shati. Alisema aliulizia watu wake miaka na miaka, hakuna aliyejitokeza. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha shida, "Dada, usininyang'anye mutoto."

"Apana," nikamjibu. "Sikuja kumubeba. Mi nimekuja kumuona."

Nilisema hivyo, na moyo ulikuwa unataka kumbeba.

Idi hanikumbuki. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni wa mwalimu. Anachokumbuka ni mama yako. Anasema walitembea na umati wa watu, bibi amemfunga mgongoni ingawa alikuwa mkubwa, mpaka bibi akashindwa. Akakaa chini kando ya njia, akamwambia afuate watu, yeye atapumzika kidogo atamkuta. Mtoto akafuata watu. Ninakuambia ili ujue mama yako alimfikisha hadi pale nguvu zake zilipoishia.

Likizo hii amekuja Buyenzi. Analala chumba cha mbele. Jana aliniita mama, kisha akaona haya, akatoka nje. Mimi bado nashtuka kila anapopita mlangoni. Juzi niliangusha sufuria ya maharagwe, nikidhani umerudi kutoka kazini. Furaha itakuja, naamini, ila kwa sasa ni mshtuko tu, naamka nao na kulala nao.

Lakini lililonishikisha kalamu ni hili. Wakati unakata roho uliniambia unakwenda kumwona Idi. Kama ulifika, ukamtafuta, ukamuuliza mama yako, usihangaike tena, mume wangu. Hayuko huko.

Wako,
Mama Idi